Mfuko wa Elieza na Kikapu cha Faki

Tulimzika Elieza katika shamba lake la milimani, ng'ambo ya Lushoto, asubuhi moja yenye ukungu mzito kiasi kwamba waliosimama upande wa pili wa kaburi tuliwatambua kwa sauti zao tu. Baada ya nyimbo na sala, mwanawe mkubwa alisimama kueleza maisha ya marehemu: alikozaliwa, alikosoma, miaka yake ya ukarani katika stesheni ya reli ya Tanga, watoto na wajukuu aliowaacha. Kisha, kwa kutaka kuwachangamsha waombolezaji, akasema: "Na bunduki yake mnaijua. Baba hakupata kumkosa ndege. Aliyempiga alifika chini ameshakufa." Watu waliguna kwa kukubali, wengine wakacheka kwa ule upole unaoruhusiwa msibani. Mimi sikucheka. Nimevuka miaka arobaini, nina shahada, nina watoto wanaonifundisha mambo, na nilidhani shaka za ujana wangu zilikwisha kufa kifo cha kawaida. Lakini maneno ya kijana yule, yaliyokusudiwa kuwa sifa, yalizifufua. Kwa maana kama Elieza kweli hakupata kukosa, basi mtu mwingine niliyempenda, ambaye naye ametangulia, alitulisha sisi na mtaa mzima kitu ambacho hakikuwa halali kuliwa.

Mwaka ninaouzungumzia ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule nikingojea nafasi ya chuo cha ualimu. Mchana nilifanya kibarua cha kunakili hesabu katika ofisi moja ya Raskazone, na jioni nilirudi Mabawa kwa shangazi yangu, Bi Rehema, mjane ambaye mtaa mzima ulimtegemea kwa sufuria zake: hapakuwa na arusi, hitima wala maulidi ambayo wali wake haukupitia mikononi mwake. Chumba changu kilipakana na ua, na dirisha lake halikuwa na kioo wala pazia ila jamvi, lililokunjwa mchana na kuteremshwa wakati wa kulala. Yote yaliyosemwa uani niliyasikia, nitake nisitake, na nakiri kwamba mara nyingi nilitaka. Ulikuwa mwaka wa watu kutazamana. Mikutano ya siasa ilikuwa imeanza kushika moto, na barazani mgeni aliyeuliza swali la pili alidhaniwa kuwa ametumwa na serikali. Nadhani tabia hiyo ilinipata mapema kuliko siasa yenyewe. Nilijifunza kusikiliza mtu anachosema, kisha kujiuliza kwa nini amekisema.

Kila Jumapili Elieza alipotoka ibada ya kwanza alipita mtaani petu kumchukua rafiki yake, Bwana Faki, Mpemba mwenye duka la mchele na karafuu. Wakapanda lori la mfanyabiashara wa machungwa, lililokwenda Muheza tupu na kurudi jioni limejaa. Waliteremka pale mkonge unapokoma na vilima vinapoanza, wakapanda kwa miguu kwenye nyasi kutafuta kanga na kwale. Bunduki ilikuwa ya Elieza, bunduki ya marisau, na kibali chake alikitembeza mfukoni kama mtu mwingine atembezavyo picha ya mkewe. Kisu kilikuwa cha Faki. Mpango wao ulikuwa mwepesi kueleza. Elieza akipiga, Faki hukimbia. Akimkuta ndege bado ana roho, humwelekeza kibla, husoma bismillahi na kumchinja. Huyo huingia katika kikapu cha Faki, na kikapu kilikuja kwetu kupikwa. Akimkuta ameshakufa, basi ni kibudu, haramu kwa Mwislamu; huyo huingia katika mfuko wa turubai wa Elieza, akaliwe na Wakristo wenzake katika kota za reli. Hivyo ndivyo Mlutheri na Mwislamu walivyoweza kutumia bunduki moja, na sisi tuliona ni mpango wa watu waungwana.

Jioni zile sizisahau. Shangazi alitandika mkeka uani, akapakua kwale wa nazi aliyekolea tangawizi, wali ukifuka, na kabla hatujagusa kitu mabakuli yalikuwa yameshatoka kwenda kwa majirani. Elieza alikula nasi kutoka kikapu cha Faki, mfuko wake akiwa ameuegemeza nje ya mlango kwa heshima. Na kila Jumapili wabishi hawa wawili walirudia ubishi ule ule, juu ya nini hasa kinachomfurahisha mtu katika kuwinda ndege.

"Kuwinda ni kule kuruka," alisema Elieza. "Ndege ainuke, mabawa yapige kelele mpaka moyo wako uinuke naye, na wewe huna nafasi ila ya pumzi moja. Ukimpiga yuko chini anadonoa, hukuwinda. Umeiba."

"Mie raha yangu haijaanza hapo," Faki alimjibu. "Hapo pana kelele tu. Raha ni mbio. Nijue kaangukia nyasi zipi, nifike roho haijatoka, mkono umshike anapapatika. Hapo ndo nasema nimewinda."

"Kwa hiyo unaniombea nipige vibaya."

"Nakuombea upige kwa adabu, Msambaa. Bawa lipo, paja lipo. Lazima kichwa?"

"Msikieni Mpemba huyu! Anataka nimtese kiumbe wa Mungu ili yeye apate mahali pa kukimbia."

"Wewe ungekipanda kilima kile mbio, saa hizi tungekuwa tunakuchimbia, mie na kijana huyu."

Shangazi alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga yake. "Nyote wawili hamjui mnachokifuata huko," alisema. "Raha ya ndege ni bakuli linapotoka mlango huu likaingia ule. Mngekuwa mnawinda mkale peke yenu, mngeshachoka zamani."

Mimi sikuwa na rai. Niliwasikiliza nikiona kwamba kila mmoja alisifu sehemu ile ya kazi aliyoifanya yeye, na nikaiandika akilini kama ugunduzi mkubwa wa msomi. Leo naona nilipitwa na jambo lililokuwa wazi zaidi. Furaha ya mmoja ilikuwa hasara ya mwenzake. Kila Elieza alipopiga vizuri kwa mujibu wa Elieza, Faki alifika amechelewa. Watu hawa hawakupata kufurahi pamoja kwa ndege mmoja, na bado waliandamana mwaka mzima. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Katikati ya mwaka Faki alituma wazee wake kumposa shangazi. Hakuna aliyeshangaa, mwanamume hamletei mjane kanga kila wiki kwa sababu ya mchuzi tu. Shangazi aliwapokea, akawapa kahawa na kashata, akasema jibu atalitoa Maulidi yakipita. Mimi, niseme ukweli, sikufurahi. Nilikuwa nimezoea nyumba ile kuwa na mwanamume mmoja, yaani mimi, na pengine ndiyo maana masikio yangu yakawa makali kupita kiasi.

Maulidi ya mtaa yalisomwa barazani petu mwaka ule. Jioni ya kuamkia siku hiyo kikapu kilikuja na kanga mkubwa pamoja na kwale, shangazi akawatia katika pilau, na mtaa mzima ukala: walimu wa madrasa, wapiga dufu, wazee, watoto waliorudi mara ya pili wakijifanya hawajala. Siku chache baadaye, nikiwa nimejilaza chumbani, nilimsikia jirani yetu, Bi Tatu, akichagua mchele na shangazi chini ya dirisha langu.

"Rehema, nikikwambia jambo hutanuna?"

"Sema kwanza. Kununa nitaamua mwenyewe."

"Bakuli lako la Maulidi. Kidari cha yule kanga kilikuwa cheusi. Damu imeganda ndani kama ini. Ndege aliyechinjwa hawi vile."

"Pilau ina viungo, Tatu."

"Viungo navijua tangu hujaolewa mara ya kwanza." Nilisikia mchele ukipepetwa katika ungo. "Mie simsemi mtu," Bi Tatu akaendelea. "Nasema kidari."

Bi Tatu hakuwa mwongo, wala hakuwa mtu wa kunyamaza. Shangazi alielewa papo hapo kilichokuwa hatarini, na mimi nilielewa nyuma ya jamvi. Kama Faki alikata shingo ya ndege aliyekwisha kufa, basi kibudu kililiwa katika pilau ya Mtume, na kilitoka katika sufuria ya Bi Rehema. Asingeweza kuolewa na mtu huyo. Tena, habari ikishatoka, hakuna ambaye angempa tena sufuria apike.

Kuanzia siku ile nikaanza kufikiri jinsi nilivyofundishwa shuleni, na sikujua kufikiri kunavyoweza kuwa ugonjwa. Nilijiuliza hivi: Elieza anajisifu kila wiki kwamba ndege wake hufa hewani. Kama ni kweli, mfuko wake ungerudi mzito na kikapu cha Faki kingerudi chepesi. Lakini tangu mwaka uanze nilikuwa nikiona kinyume chake. Kikapu kilijaa, na ule mfuko wa turubai nje ya mlango ulikuwa umenywea kama tumbo la mtu aliyefunga. Mmoja wao alikuwa anadanganya. Ama Elieza kuhusu shabaha yake, ama Faki kuhusu kisu chake.

Jumapili iliyofuata sikuweza kujizuia. Tulikuwa tumekaa mkekani, na Elieza ndiyo kwanza ameanza kusimulia kwale aliyempiga angani katikati ya bonde. Nikamwuliza, kwa sauti niliyoona ni ya kawaida: "Mzee Elieza, ukimpiga namna hiyo, anafika chini ana roho kweli?"

Mkono wake ulisimama juu ya sinia. Alinitazama mimi, kisha shangazi, kisha tonge lake mwenyewe. "Ah, Salim," akasema polepole, "mimi nasema tu, baba. Maneno ya wawindaji hayo. Macho yangu siku hizi yameingia ukungu. Wengi nawajeruhi tu, masikini."

Nilingoja Faki amcheke. Mwaka mzima alikuwa akiitafuta nafasi kama ile: Msambaa amekiri kwa kinywa chake kwamba hajui kulenga! Faki hakusema kitu. Aliinama akatoa mfupa mdomoni, akauweka pembeni ya sinia kwa uangalifu mkubwa. Kimya chake kilinitia hofu kuliko kidari cha Bi Tatu. Mtu aliyejivunia shabaha yake kuliko kazi yake alikuwa ameivua mbele yetu kama mtu anayevua koti kumfunika mwenzake, na aliyefunikwa hakushangaa.

Walipoondoka shangazi alinikuta nikinawa. "Jumapili ijayo utakwenda nao," alisema. "Usiulize kitu tena. Tazama."

"Nitazame nini, shangazi?"

"Kama ungekuwa hujui, nisingekutuma."

Sikuwahi kupanda vilima vile kabla ya siku hiyo. Umande ulikuwa umekauka, majani yalinukia kama ghala, na nyuma yetu mistari ya mkonge ilinyooka hadi macho yalipochoka. Elieza alitangulia, bunduki imelala mkononi, miguu yake mizito ya ukarani imekuwa ghafla miguu ya paka. Faki alifuata kando yake, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, kisu kwenye ala. Mimi nilikuwa nyuma yao nikimtazama Faki, na Faki alijua. Hakugeuka hata mara moja, lakini mabega yake yalijua.

Kwale wa kwanza alilipuka kutoka miguuni petu kwa kelele iliyonifanya nishike kifua. Kabla sijamwona vizuri bunduki ilikuwa imelia na manyoya yanaelea. Faki alikimbia, nami nikakimbia naye, na kwa mara ya kwanza nikayaelewa maneno ya wote wawili: ule mruko uliochukua moyo, na zile mbio ambazo ndani yake hufikirii kitu kingine duniani. Tulifika pamoja. Faki alipiga magoti, akaweka kiganja kifuani mwa ndege, akangoja. Kichwa cha kwale kililala upande. Kisha akasimama, kisu hakijatoka alani. "Wa Msambaa huyu," akasema, akamtia katika mfuko wa turubai.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Elieza alipiga kama malaika, akisahau kabisa ukungu wa macho aliotueleza, na Faki alikimbia, akapiga magoti, akangoja, akasimama. Kanga mmoja tu alivunjika bawa, akaanguka anapiga kelele na kutupa vumbi. Huyo nilimwona kwa macho yangu akishikwa, akielekezwa kibla, nikasikia bismillahi, nikaona damu ikiruka nyekundu juu ya nyasi. Tuliporudi kwenye barabara ya lori, ule mfuko ulikuwa umevimba, umelowa chini. Elieza aliubadilisha bega mara kwa mara. Hakuwa amezoea uzito huo.

Ndani ya lori, nikiwa nimekaa juu ya machungwa, nilijaribu kufurahi. Nilikuwa nimemwona mtu akifanya haki. Ila aliifanya akijua anatazamwa, na ushahidi wa namna hiyo hauna kazi. Vibaya zaidi, haki ile ilimshitaki. Ikiwa siku aliyotazamwa mfuko ulijaa, je, zile siku ulizorudi umenywea? Nilijitetea kwa niaba yake: labda Elieza alilenga vizuri zaidi kwa kuwa alipata mtazamaji, alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa. Kila nilipolijenga jibu hili lilisimama, na kila nilipoliacha lilianguka.

Shangazi alikuwa mlangoni. Aliutazama mfuko kabla ya kututazama sisi.

"Leo Wakristo watashiba, Bi Rehema!" Elieza alisema kwa furaha iliyopita kiasi, akakataa kuingia, akasema mkewe anamngoja. Faki aliweka kikapu chenye yule kanga mmoja, akaenda kunawa. Nilipoinuka kwenda chumbani shangazi alinizuia. "Kaa, Salim. Aliyekutuma ni mimi, si lazima usikilizie dirishani." Kisha akamgeukia Faki. "Faki, nitakuuliza mara moja, na sitakuuliza tena maisha yangu. Umepata kuniletea kibudu?"

Ninachokumbuka ni maji. Alijimiminia mikononi kutoka kwenye birika muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Angeweza kusema hapana. Elieza alikwisha kumkinga, mimi sikuwa nimeona lolote, na kidari cha Bi Tatu kilikwisha kuliwa.

"Mmoja," akasema.

"Yupi?"

"Wa Maulidi. Yule mkubwa. Ulikuwa umeshawaalika watu, na siku ile ndege walikuwa wachache. Nilimfika amekwisha, lakini alikuwa na joto bado. Nikajidanganya kwamba joto lile ni roho. Nikachinja."

"Elieza alikuona?"

"Aligeuka akatazama miti."

Shangazi hakulia wala hakupaza sauti. Alivuta kanga yake vizuri kichwani. "Waliokula hawakujua, hawana dhambi," alisema, kama anayepima kitu mkononi. "Nami sikujua. Sasa najua." Akalipokea birika kutoka mikononi mwake. "Nenda kwako ukaswali. Kesho waambie wazee wako waje."

"Waje kwa jibu, au kurudishiwa posa?"

"Mtu anayerudisha posa humtuma mtoto, Faki. Nimesema wazee waje."

Alipotoka, viatu vyake vikisikika mpaka pembeni mwa mtaa, sikuweza kukaa na hesabu yangu. "Shangazi," nikasema, "umeuona mfuko wa Elieza? Mwaka mzima haukuwahi kurudi vile. Haiwezekani ikawa mmoja."

"Nimeuona. Nilikuona na wewe ukiuona." Aliketi juu ya kigoda, akamtoa yule kanga kikapuni, akamlaza mapajani. "Angesema hakuna, usingekuwa na la kumjibu, wewe na elimu yako. Kasema mmoja, na kwa huo mmoja kaweka mikononi mwangu jina lake mtaani. Mimi naolewa na mtu aliyesema mmoja. Wewe ukimtaka wa pili, katafute. Lakini usimtafutie humu ndani. Lete maji ya moto."

Nilileta maji. Tukamchovya ndege, tukaanza kumnyonyoa, kila mmoja upande wake, manyoya yenye madoa yakitugandama vidoleni na kuzagaa uani. Nilinyonyoa bawa, nikanyonyoa mgongo. Nilipofika shingoni vidole vyangu vilisimama, na nikajikuta nimeinama kukagua lile jeraha, kingo zake na rangi ya damu yake, jeraha la ndege ambaye asubuhi ile ile nilimwona mwenyewe akipiga kelele na kutupa vumbi.

"Nyonyoa," shangazi akasema.